Weupe wa Mama Sanda

Jumatatu, 18 Oktoba 2004

Kitabu hiki nilipewa mwezi wa kwanza na kampuni moja ya bima, nikakiweka chini ya printa ili isiyumbe. Leo nimekichomoa. Sina tabia ya kuandika mambo yangu, lakini hasira niliyo nayo nikimsimulia mtu nitalia, na mimi Ndeshi kulia mbele ya watu wa Karatu, wasahau.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Patrisi aliniita kwenye loji yake, ile iliyo ndani ya shamba la kahawa, barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Mwaka jana nilimtengenezea kurasa za loji kwenye intaneti, nikajua ananiita tuziongeze. Nikavaa gauni la kanisani. Kufika, namkuta Edgar. Edgar ni mtu wa kwetu Marangu. Mausi ya kompyuta ya kwanza kuishika maishani mwake aliishikia kwenye duka langu la intaneti. Akaenda Arusha mwaka mmoja, karudi na miwani ya jua anayoivaa juu ya kichwa. Wenye loji wengine nao wapo, wamekaa na vikombe vya chai.

Edgar akawasha kompyuta. Kwanza giza. Halafu simba akanguruma, watu wakashtuka. Ngoma zikaanza. Herufi za dhahabu zikaja zinazunguka, moja moja, mpaka zikawa jina la loji. Jua la rangi ya chungwa likazama nyuma ya mgunga. Morani wawili wanaruka, wanaruka, hawachoki. Na pembeni kote, juu na chini, ngozi ya chui. Mzee Patrisi mdomo wazi kabisa.

Kisha akafungua kurasa zangu ili walinganishe. Nyeupe. Picha moja kubwa ya mashamba, maneno machache, basi. Akasema, "Wazee wangu, mgeni analipa dola zake aione Afrika. Halafu unampokea na kitu hiki? Hii si tovuti. Hii ni sanda."

Wakacheka. Mzee Patrisi naye alicheka, kaweka mkono mdomoni kama mtu anayekohoa. Mmoja akadakia, "Basi dada yetu ndiye Mama Sanda!" Wakacheka tena, na Edgar akalirudia jina hilo mara mbili ili lisije likasahaulika.

Nilimaliza chai yangu. Nikaaga kila mtu kwa mkono. Edgar, wewe subiri tu.

Jumatano, 20 Oktoba

Kazi ya Mzee Patrisi kapewa Edgar. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Ijumaa, 22 Oktoba

Muuza vitunguu sokoni kaniita Mama Sanda. Hajui hata intaneti inaliwa au inavaliwa, lakini jina analo.

Kibodi ya mashine namba tatu imekufa herufi E. Wateja wananung'unika. Nitaibadilisha nikipata moyo.

Jumapili, 24 Oktoba

Mchungaji kahubiri kusamehe saba mara sabini. Edgar alikaa benchi la mbele akitikisa kichwa kukubali. Nimesikia mahubiri. Nimesikia vizuri.

Jumatano, 27 Oktoba

Eliapenda, mwenye saluni iliyopakana na duka langu, kaja na mtu mwenye rola kichwani ili wote wawili wanipe ushauri.

"Sasa dada, na wewe si uweke simba? Simba ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia si suala la simba. Mwaka huu fungua tovuti yoyote ya safari kuanzia Arusha mpaka Loliondo: ngozi ya chui, ngoma, jua la chungwa, morani anaruka, maandishi yanatembea kama siafu. Ukifunga moja ukafungua nyingine utadhani hujafunga. Na kwa laini zetu za simu, simba wa Edgar anachukua muda wa kuivisha maharage kabla hajanguruma. Mgeni gani atasubiri? Mimi kurasa zangu ukibonyeza zinafunguka. Halafu Mzee Patrisi ni Mwiraqw, si Mmasai, ni mkulima, mkewe analima kahawa na mahindi. Wale morani wanaruka shambani mwake wanatafuta nini?

Eliapenda akafikiri. "Labda wamepotelewa na ng'ombe."

Nilicheka, nikachukia kwamba nimecheka. Nataka nikae na hasira yangu, isichakae.

Jumamosi, 30 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli! Na laini ya simu imekufa papo hapo.

Jumanne, 2 Novemba

Laini imerudi. Nikasema hebu niitazame kazi ya Edgar, nijiumize vizuri.

Nikamsubiri simba wake mpaka chai ikapoa. Nikaingia ndani. Mungu wangu! Picha zangu. Tembo wangu wa Bonde la Ngorongoro. Kikombe changu cha kahawa kwenye ukuta wa mawe. Mama Laurencia, mke wa Mzee Patrisi, na kikapu chake kiunoni, picha niliyoipiga mwenyewe nikiwa nimekanyaga siafu. Kachukua kurasa zangu nzima nzima, zile za sanda, kazizungushia ngozi ya chui, kaweka simba mlangoni. Basi. Hiyo ndiyo kazi ya Arusha.

Nilitaka kwenda kumrarua hapohapo. Lakini nikafungua maandishi ya ndani ya ukurasa, yale ambayo mgeni hayaoni, nikaanza kusoma. Nikasoma tena. Kisha nikasimama nikafunga mlango wa duka.

Edgar hakuchukua picha. Kunakili picha kubwa kwa laini za hapa ni kazi ya kushinda kutwa, na Edgar hajawahi kushinda kutwa kwenye lolote isipokuwa harusi. Kaacha anwani za picha kama nilivyoziandika. Kwa hiyo picha zenyewe bado zimelala kwenye hifadhi yangu ya mtandaoni, na kila mtu anapofungua tovuti yake, zinatoka kwangu kwenda kwake. Ni kama jirani aliyeunga bomba kimyakimya kwenye tangi lako. Nikiweka picha nyingine kwa jina lilelile, kwake inabadilika, naye hana habari.

Maji ni yangu. Nikitaka, nitatia chumvi.

Nilicheka peke yangu mpaka Eliapenda akagonga ukuta kuuliza kama mimi ni mzima.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimemgeuza tembo miguu juu. Kujaribu tu.

Ijumaa, 5 Novemba

Edgar anawaambia watu kwamba ni virusi, vimetoka Nairobi. Nimemrudisha tembo. Jioni nimemgeuza tena. Nimekula ugali mkubwa leo, sijala hivyo tangu siku ile.

Jumatatu, 8 Novemba

Tembo juu. Tembo chini. Mvua.

Alhamisi, 11 Novemba

Mama Laurencia kaja mjini na matope mpaka magotini. Kaniletea kibuyu cha maziwa. Hakuja kwa ajili ya intaneti, alikuja kunijulia hali, na hilo ndilo lililoniuma.

"Saita, binti," akanisalimia kwa Kiiraqw. " Umetususa?"

"Shikamoo mama. Sijasusa. Kazi si amepewa mwingine."

"Amepewa na mzee, siyo na mimi. Mimi naogopa yule simba. Kila akifunguliwa mbwa wanabweka." Akakaa, akakamua pindo la kitenge. Akasema kahawa imechanua, tangu mvua ya juzi shamba zima jeupe na harufu inaingia mpaka jikoni. Halafu akasema, polepole, "Wajerumani wa Krismasi wameandika. Wanauliza kama loji iko salama, maana wameona tembo amekufa."

Nikajifanya natafuta glasi za maziwa.

Sikumwambia. Alipoondoka nikamsimamisha tembo kwa miguu yake minne, na sitamgusa tena. Siyo kwamba nimelainika. Nilikuwa narusha mawe kwa Edgar yanampiga mama wa watu. Nitalenga vizuri zaidi.

Jumatatu, 22 Novemba

Habari ya mji: Jumamosi anakuja dada mmoja wa Arusha anaitwa Evelyn, mwenye kampuni inayoleta wageni. Anataka mtu mmoja atengeneze tovuti ya loji zote za Karatu kwa pamoja, kwa sura moja. Loji zote! Mtu atakayepata kazi hiyo hatahangaika tena na watu wa kuchapisha barua za maombi ya kazi. Mkutano uko kwa Mzee Patrisi, na tovuti yake ndiyo itakayoonyeshwa kama mfano.

Yaani Edgar ataonyesha kurasa zangu ili apewe kazi yangu.

Eliapenda anataka niweke picha ya Edgar amelala kwenye kamati ya harusi, mate yanamtoka. Anayo. Nimeitazama muda mrefu, jamani inavutia. Lakini hapana. Alisema sanda. Nitamvisha sanda.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimefanya kazi kutwa mlango umefungwa. Edgar hakuandika vipimo vya picha, kwa hiyo picha ikiwa kubwa ukurasa unatanuka. Nimetengeneza picha kubwa nyeupe tupu, kubwa kuliko kioo cha kompyuta yoyote. Zikifunguka zitasukuma chui wake, morani wake na jua lake mpaka nje ya kioo. Kwenye ile ya kwanza tu nimeacha ua moja dogo la kahawa katikati, la msibani. Kesho asubuhi nazipakia, nafunga duka, navaa gauni lilelile.

Jumamosi, 27 Novemba

Naandika na gauni limelowa.

Ukumbi wa chakula wa loji umejaa. Shuka limetundikwa ukutani, projekta imeazimwa kwenye hoteli moja kubwa. Mvua juu ya bati. Edgar kavaa suti. Aliponiona akasema kwa sauti, "Mama Sanda, karibu ujifunze." Watu hihihi. Nikakaa karibu na dirisha.

Evelyn ni mwanamke mfupi, haongei sana. Akakataa kompyuta ya Edgar. "Nitatumia yangu. Nataka kuiona kama mgeni atakavyoiona." Nikafurahi kimoyomoyo, maana kompyuta ya Edgar huenda bado imehifadhi picha za zamani, ya Evelyn haina.

Simba hakuja. Tukasubiri. Edgar akaeleza kuhusu simba. Tukasubiri. Akanguruma nusu, akakwama, akanguruma tena. Evelyn akauliza, "Pa kumruka huyu ni wapi?" Edgar akamwonyesha. Akabonyeza.

Na shuka lote likawa jeupe.

Jeupe kabisa, isipokuwa ua dogo katikati. Hakuna chui. Hakuna morani. Nilisikia mtu anavuta pumzi. Edgar alikuwa na rangi ya jivu, mdomo unafunguka na kufungika, na mimi nilitamani muda usimame hapo ili nimtazame mpaka nishibe. Nikasema moyoni, haya, sema tena sanda.

Evelyn akainamisha kichwa upande. Akasema, "Nzuri."

Nzuri!

"Hii ni nzuri sana. Kule kwenye maonyesho ya utalii Ulaya ndiko wanakoelekea, wanaondoa makorokoro yote, wanaacha nafasi. Nimechoka na chui. Nani kaifikiria hii?"

Edgar akameza mate. Akarekebisha tai. Na mbwa yule, Mungu nisamehe, akasema, "Asante dada. Ni staili mpya. Niliona tuwape nafasi ya kupumua."

Wakapiga makofi. Mzee Patrisi naye akapiga, polepole, akimtazama Edgar, halafu akilitazama lile shuka. Kazi ikaahidiwa Edgar palepale. Mkataba utatiwa sahihi tarehe kumi na moja.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, na viatu vya kanisani. Nimemchimbia kaburi, yeye kapanda mahindi humo, yameota.

Jumapili, 28 Novemba

Sikwenda kanisani. Ningetukana.

Jumanne, 30 Novemba

Eliapenda anasema Edgar anatembea akielezea weupe kwenye baa zote. Anasema weupe ni falsafa. Lakini hagusi kitu kwenye ile tovuti, maana hajui weupe ulitoka wapi, anaogopa usije ukakimbia. Alinakili bila kusoma ndani. Anadhani kompyuta ya Evelyn ndiyo iliyofanya!

Mchana kaja Mama Laurencia tena. Safari hii hakuleta maziwa, kaleta tawi la kahawa lenye maua, kaliweka juu ya kibodi yangu.

"Lile ua la ukutani ni la mti ulio mlangoni kwangu," akasema. "Edgar hajawahi kufika mlangoni kwangu. Anaishia ukumbini, kwenye chai."

Nikaliinua lile tawi nikalinusa.

"Hata mzee anajua. Siku ile usiku hakula. Ananiambia, yule binti nilimcheka mbele ya watu, nikaona haya kuonekana mshamba, na kumbe mimi ni mshamba kweli, shamba ndiyo kazi yangu. Anaona aibu kuja."

Mimi mzee huyu nilishamweka kwenye mizani pamoja na Edgar. Nimemtoa. Kumbe alikuwa anaogopa kuchekwa, kama mimi.

"Njoo kwa Evelyn useme ukweli, yaishe kwa amani," mama akasema.

"Nikisema mimi, atasema yeye. Neno langu na neno lake, na yeye ana suti."

"Basi samehe."

"Mama, nitasamehe. Ila si kabla ya tarehe kumi na moja."

Alitikisa kichwa, lakini alipokuwa anatoka mlangoni nilimwona anajizuia kucheka.

Jumatatu, 6 Desemba

Mvua kubwa. Mtoto wa shule kapita dirishani anaimba Mama Sanda, Mama Sanda. Nilinyanyuka kumfokea. Nikakaa tena. Nimepata!

Jumamosi, 11 Desemba

Watu walewale, shuka lilelile, mvua imepumzika. Mkataba mezani na kalamu juu yake. Asubuhi kabla ya kufunga duka nilibadilisha picha moja tu, ile ya kwanza.

Mzee Patrisi alinikuta mlangoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisindikiza mpaka kwenye kiti.

Edgar akatoa hotuba. Nafasi, pumzi, falsafa. Evelyn akasema, "Tuifungue mara ya mwisho, tutie sahihi." Akafungua kwenye kompyuta yake. Akamruka simba.

Weupe ukatanda. Lakini lile ua dogo sasa limekuwa shamba zima la Mama Laurencia limechanua, miti kwa miti, nyeupe juu ya nyeupe, huoni picha inaishia wapi na ukurasa unaanzia wapi. Watu wakasema aaa. Na chini, kwa herufi ndogo nyeusi, safi: *Kazi ya Mama Sanda, Karatu.*

Kwanza mtu mmoja alicheka. Halafu hakuna aliyecheka. Viti vikaanza kulia, maana ukumbi mzima uligeuka kunitazama mimi, wenye loji, wahudumu, mpaka mpishi aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyeuliza mwenzake ni nani huyo. Wote walijua. Edgar mwenyewe aliwafundisha, mji mzima, kuanzia baa mpaka soko la vitunguu.

Evelyn peke yake ndiye hakujua. "Mama Sanda ni nani?"

"Ni virusi," Edgar akasema. "Hivi virusi vya Nairobi, dada..."

"Virusi?" Ni Mzee Patrisi, kasimama. "Jina hilo si ulilishangilia wewe, hapa, kwenye meza hii? Ulisema weupe wake ni sanda. Na mimi nikacheka." Akanigeukia mbele ya watu wote. "Binti, nilicheka. Nimekosa."

Evelyn alimtazama Edgar. "Nilikuuliza nani kaifikiria. Haya, hayo maandishi yatoe."

Edgar akainama kwenye kompyuta. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Jasho likamtoka, miwani ikamdondoka kutoka kichwani ikaangukia kwenye sahani ya maandazi. Maandishi yakabaki palepale.

"Siwezi... kwa sasa hivi siwezi."

"Nani anaweza?"

Nikasema, "Mimi. Ila sitaki."

Nilidhani nikifika hapo nitamhurumia. Watu husema kisasi kikitimia kinakuwa kichungu mdomoni. Mimi kwangu kilikuwa kitamu, kitamu kama ndizi ya kwetu iliyoiva mtini, na nilikila polepole mbele yake. Evelyn aliuchukua mkataba kutoka kwa Edgar, akausogeza mezani mpaka mbele yangu, akaniwekea na kalamu. Mama Laurencia akaniletea chai, akaninong'oneza, "Tarehe kumi na moja imefika, binti. Uliahidi."

Nikamwambia siku haijaisha.

Jumatatu, 13 Desemba

Fundi kaandika kibao kipya juu ya mlango wa duka: MAMA SANDA INTANETI NA TOVUTI. Herufi nyeusi, ubao mweupe, nafasi ya kutosha. Muuza vitunguu kapita akaona aibu kuniita. Nimemwambia aite tu, kwa sauti.

Wajerumani wa Krismasi wamethibitisha. Tembo mzima.

Nimenunua kibodi mpya ya mashine namba tatu.

Ijumaa, 17 Desemba

Mvua inaelekea kwisha. Maua yamepukutika, Mama Laurencia anasema kahawa inaanza kufunga matunda.

Leo Edgar kaja dukani. Hana miwani. Anatafuta kazi Arusha, anataka kuandika barua pepe za maombi. Kasimama mlangoni, chini ya kibao, akasema, "Shikamoo dada Ndeshi." Hajawahi kuniamkia shikamoo tangu nimjue.

Nikafikiri kuhusu saba mara sabini. Nikafikiri kuhusu Mama Laurencia na ahadi yangu. Nikaitikia marahaba kwa upole, na nikaona kweli nimemsamehe, kwa sehemu kubwa.

Nikampa mashine namba tatu, ile iliyokufa herufi E. Kibodi mpya imekaa kwenye droo tangu Jumatatu.